Tembo wa Madame Myriam

Guide, mwongoza njia wake, alipojificha nyuma ya mti, Madame Myriam naye akajificha nyuma ya mti mwingine. Hakuona mnyama wala hakusikia kitu. Lakini pori si darasa. Humu mwenye kujua alikuwa yule mwanaume mwenye koti la kijani na panga mkononi.

Myriam alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Kananga, aliyetumwa na serikali kufundisha Beni, huko Kivu. Miaka yote hiyo alichora tembo ubaoni kwa chaki, na watoto wakamcheka, eti ni nguruwe aliyefungwa kamba puani. Sasa alikuwa anahamishwa kurudi kwao, naye aliapa kwamba hatatoka Kivu bila kumwona tembo kwa macho yake.

Ndiyo maana alikuja Mutwanga, amevaa suruali ya kaki, buti na kofia ya kuazima. Mwenye pikipiki alimshusha mwanzo wa njia, akamwambia guide wa parc, ile hifadhi ya wanyama, atamkuta palepale, amevaa kijani. Hakungoja sana. Mtu wa kijani akatokea kichakani na gunia begani, akamwona, akageuka, akashika njia. Hata salamu hakutoa. Myriam akasema moyoni kwamba watu wa pori hawana maneno mengi, akamfuata.

Lo, mwanaume yule alikuwa na mwendo! Alipita kwenye miiba, akavuka mto maji yakimfika kiunoni, kisha akauvuka tena kurudi upande uleule. Myriam akavuka naye mara zote mbili, buti zikimlilia kwa maji. Kila guide alipogeuka kutazama nyuma, jasho likimtiririka, Myriam alimwinulia mkono ili ajue kwamba wako pamoja. Hapo guide aliongeza mwendo. Gunia lilipomdondoka hakurudi kulichukua. Myriam akaliokota, akalibeba mgongoni, zito kama dhambi, vumbi la makaa likimwagikia shingoni, huku akiwaza kwamba mtu anayeipenda kazi yake namna hii ni wa kuombewa baraka.

Ghafla guide akasimama, akainua mikono yote miwili juu. Myriam akatua gunia, naye akainua yake.

Tembo alikuwa mbele yao, matope yamemkauka ubavuni, masikio yakipepea polepole. Hakufanana na nguruwe hata kidogo. Aliwatazama wale watu wawili waliosimama mikono juu kama waumini kwenye maombi, akapumua kwa nguvu, akazama mitini bila haraka.

Myriam akalia. Hakuona haya. Alijipangusa kwa kofia, akamsogelea yule mwanaume, ambaye mikono yake ilikuwa bado juu.

“Guide,” akamwambia, “Mungu akubariki. Hii siku sitaisahau.”

Mwanaume akaangusha panga, akapiga magoti, akamnyooshea mikono, viganja vimeshikana.

“Mama askari wa parc,” akasema, pumzi ikimkatika, “miti ni mie nilikata. Makala ya mu gunia ni yangu. Unifunge tu. Tangu asubui niko nakukimbia, lakini weye hauchokake?”