Wanufaika

Mchongaji aliishika patasi kwa upande wa makali, mpaka afisa utamaduni akaja kumgeuzia.

“Na ukigonga, gonga polepole,” alimwambia. “Hicho kinyago tumekiazima, kina mwenyewe.”

Mchongaji huyo hakuwa mchongaji. Kwenye kundi lao la maigizo alizoea kucheza jambazi, na kwa sura aliyopewa na Mungu hakuhitaji mafunzo. Mpiga ngoma pale dirishani ndiye mchekeshaji wao. Kiongozi wa kundi, ambaye wenzake humwita Mama Pazia, alikuwa amekalishwa mbele ya picha iliyokwisha kuchorwa na mtu mwingine, kapewa brashi kavu asije akaiharibu.

Kituo cha Taifa cha Sanaa kilikuwa na miaka sita kwenye ripoti za wizara na wiki tatu juu ya ardhi. Rangi ya kuta bado ilinata. Kilikuwa na mkurugenzi, manaibu wawili, madereva wanne na mashine ya kahawa. Kilichosahaulika ni wasanii tu. Sasa Kamati ya Bunge, baada ya kuahirisha ziara mara nne, ilikuwa inakuja kujionea, na mpiga picha wa wizara alikwisha kusimamisha kamera yake mlangoni.

Afisa hakuwaahidi hela. Wizarani hela za sanaa huishia kwenye semina za kujadili sanaa. Aliwaahidi ufunguo. Ukumbi wao, walioujenga kwa mikono yao, wizara iliufunga miaka miwili iliyopita kwa maelezo kwamba hauna hadhi, kisha ikaujaza viti vibovu. Tangu hapo walikuwa wakifanyia mazoezi nyuma ya gereji, wakishindana na nyundo. Mama Pazia aliulilia ukumbi ule kama mtu aliyefiwa, na hakuona aibu kulisema.

Mstari wake ulikuwa mmoja: “Serikali imetufanyia mengi, hatuna la kuongeza.”

“Mimi nitawaambia ukweli,” alimnong'oneza mchongaji, ambaye ni mdogo wa mumewe. “Wabunge wana nguvu kumzidi huyu afisa.”

“Shemeji, nakuomba. Sema chako tuondoke na ufunguo.”

Kamati ikaingia, watu watano ndani ya suti. Mwenyekiti alikuwa mrefu, mwenye sauti iliyofika ukuta wa nyuma bila kipaza sauti. Walijipanga nusu duara bila mtu kumziba mwenzake, hata mpiga picha akakosa la kuwaelekeza. Mchongaji alipogonga kinyago, wote waliitikia kwa vichwa kwa pamoja. Mama Pazia alishangaa jinsi wakubwa hawa walivyokuwa wasikivu. Siku zote aliambiwa wabunge husinzia.

“Na wewe, mama,” Mwenyekiti aliuliza, “kituo hiki kimekusaidiaje?”

Mama Pazia akaweka brashi chini. Alisema hajui kuchora hata yai. Alisema wote mle ndani ni waigizaji, wameazimwa kama kile kinyago, na ukumbi wao halisi umefungiwa viti vibovu. Akataja mtaa, akataja kufuli, akamnyooshea kidole afisa, ambaye jasho lilikuwa limeanza kumtiririka. Mchongaji alifumba macho.

Mwenyekiti alimtupia jicho afisa. Wenzake wakamtazama yeye, kisha wakatazama viatu vyao. Yamewaingia, Mama Pazia alijisemea, na moyo ukamjaa furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka miwili.

Mwenyekiti akamsogelea, akamshika mabega kama anayempa pole, mgongo ameipa kamera.

“Dada, tafadhali rudi kwenye mstari wako,” alinong'ona. “Sisi wabunge tunaanza kupiga makofi kwenye ‘hatuna la kuongeza’, na ufunguo wa ukumbi wetu pia anao afisa huyuhuyu.”