Hana Neno na Mtu

Tangu kanga zianze kujiandika zenyewe yaliyo moyoni mwa mvaaji, Shekue hakuwa na raha nyumbani. Ya mkewe, Mwanahawa, ilisema: MUME KAMA REDIO, ANASEMA KUTWA HASIKII. Basi wakaenda kutafuta mshauri wa ndoa.

Wa kwanza aliwaambia, "Nawasikiliza, wanangu," na kanga yake ikasema: NJAA INANIUMA. Ya wa pili ikamuuliza Mwanahawa: UNANGOJA NINI KWA HUYU? Shekue akamshika mkewe mkono, wakatoka.

Wa tatu, Bi Zuwena, aliwasikiliza saa nzima, na kanga yake haikuandika hata herufi moja.

"Huyu ndiye!" Shekue akanong'ona. "Hana neno na mtu."

"Bibi, mbona kanga yako haisemi?" Mwanahawa akauliza.

"Ilisema miaka mingi, mwanangu. Nyumbani hakuna aliyejali, ikanyamaza."

Njia nzima Shekue alimsifu Bi Zuwena, hata wakafika kwao. Mwanahawa akaenda kuinjika chai. Kanga yake ilikuwa nyeupe pe.

Shekue akamzunguka mara mbili, akitafuta walau ile ya redio.