Senti Kumi Isiyo na Tundu

Jimmy, mnunuzi wa sarafu kuukuu, aliiweka ile isiyo na tundu kwenye mizani yake ndogo mara ya tatu, na mara ya tatu akajifanya hakushangaa.

"Mama Hawah, hii iko kitu kidogo tu," alisema. "Lakini kwa sababu nimetoka Arua mpaka Koboko hapa, nitakupa laki mbili."

"Hapana."

Hawah alikuwa ameketi barazani kwake, juu ya sanduku la risasi alilorithi kwa babu yake, sajenti wa zamani. Hakuinuka hata kumsalimia mgeni. Kutoka ndani, mtoto mchanga wa mjukuu wake Nabila alilia kidogo, akanyamaza. Alikuwa na siku sita.

Kesho angepewa jina. Katika ukoo wao, mtoto hupewa jina akiwa amevaa senti kumi ya kikoloni, ile ya shaba yenye tundu katikati. Ila ya kwao tundu lilikaa pembeni, likala ncha ya moja ya pembe za ndovu zilizochorwa pale. Kwa sababu ya kosa hilo la kiwandani, sarafu ilining'inia wima, ikatulia kifuani. Watoto wa vizazi vinne walikuwa wameivaa.

Miaka mitatu iliyopita, Hawah akiwa mgonjwa na hana dawa, Jimmy aliitazama sarafu hiyo akakunja uso. "Kiwanda kilikosea, Mama. Hii imeharibika." Akampa elfu tano, akaondoka nayo.

Baadaye ndipo Hawah aliposikia kwamba makosa ndiyo hasa yanayotafutwa. Hakumtukana mtu. Aliazima lenzi ya fundi saa, akajifunza polepole: tundu lililotobolewa na mtu huacha makovu, la kiwandani lina ukingo wake safi. Wiki iliyopita akamwambia Nabila amtumie Jimmy picha ya senti kumi isiyo na tundu kabisa.

"Laki tano," alisema Jimmy.

"Ile siku kosa lilikuwa takataka. Leo takataka imepanda bei?"

Jimmy alicheka. "Kumbe Mama umesoma! Sawa, ngoja nikufundishe. Kosa peke yake si kitu. Kitu ni uchache. Zikiwa mia tatu, mimi nanunua kwa kilo kama chuma chakavu. Ikiwa moja, mzungu anapanda ndege kuifuata."

"Asante, mwalimu."

"Milioni moja. Iko hapa mfukoni."

"Nilikwambia kwenye simu ninachotaka. Nataka ile ya mama yangu."

Jimmy alifungua albamu yake. Senti ilikuwa imelala ndani ya plastiki, tundu lake pembeni. "Hii nimeshapewa bei Nairobi. Milioni mbili."

"Basi iuze. Na mimi hiyo nampa jirani yangu Keji aifanye kifungo cha koti."

"Kifungo!" Jimmy aliikamata sarafu isiyo na tundu kana kwamba Keji alikuwa tayari ameshika sindano. "Mama, usinichezee hivyo."

"Iko kifungo kizuri. Hata babu yangu haikumsaidia kitu. Kambini siku zile senti zilitungwa kwenye uzi, hamsini hamsini, na wenye maduka walihesabu nyuzi. Isiyo na tundu haitungiki. Walimwambia ni bandia, wakamcheka. Alizunguka soko zima, akarudi nyumbani na mshahara wake wote."

Jimmy hakuwa akisikiliza. Lenzi ilikuwa imegandana na jicho lake, na midomo ilikuwa ikipiga hesabu.

Hawah alikaa vizuri juu ya sanduku. Alimpa muda wa kutosha kuuliza swali moja, ambalo mnunuzi makini angeanza nalo. Halikuja.

"Sawa," Jimmy alisema hatimaye, akiichomoa sarafu ya zamani kwenye plastiki. "Tunabadilishana. Lakini tunaandika. Kesho usije ukalia kwamba nilikudanganya. Hakuna kurudishiana."

"Andika."

Akaandika, akasoma kwa sauti, wote wawili wakatia sahihi. Jimmy akatia saini mara mbili, kwa uhakika.

Hata kabla pikipiki yake haijafika njia kubwa, alikuwa ameshabana simu sikioni. "Iko moja tu!" walimsikia akipaza sauti. "Moja dunia nzima!"

Nabila alitoka na mtoto mikononi, uso umemshuka. "Haboba, bibi yangu, yule anakucheka njia nzima. Umempa mamilioni."

Hawah aliichukua ile senti ya mama yake. Alipitisha uzi kwenye tundu la pembeni, akamvisha mtoto. Sarafu ikatulia wima kifuani, kama ilivyotulia kwa mama yake Hawah, na kwa Hawah mwenyewe, na kwa mwanawe, na kwa Nabila.

Kisha akainuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akageuka, akafungua kifuniko cha sanduku. Mshahara wa babu ulikuwa umelala humo kama ulivyorudi kutoka sokoni, shaba juu ya shaba, hakuna hata moja yenye tundu.

"Lete simu yako," alisema. "Mtumie mwalimu picha nyingine. Mwambie nauza kwa kilo."