Kigoda cha Katikati

Tangu apasuliwe kansa ya tezi dume, Sumari alicheka kwa kubana mdomo, maana cheko moja tu lilimlowesha suruali. Mwaka wa pili huu, kila karamu alikaa mlangoni.

Leo karamu ni kwake, kijiji kizima cha Akheri kimejaa. "Shemeji, mlango huo umeuoa?" Eunike, mdogo wa mkewe, akamvuta hadi kigoda cha katikati. Kisha akamwigiza Bwana Shamba, Mwingereza, alivyoteleza kwenye samadi, kofia ikaliwa na ng'ombe.

Sumari akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

Ghafla akakumbuka suruali. Mkewe akaacha kumimina pombe ya ndizi.

Sumari akainuka polepole, akapapasa kigoda. Kikavu, kina joto la makalio yake tu.

Akakaa tena, akajitanua.

"Shemeji," akasema, "hebu Mzungu aanguke tena."