Kinu cha Nakiete

Haya nilisimuliwa na wifi yangu Namsifu, vuli iliyopita, tukichambua maharage.

Kwao mlimani, chini ya kila ua umefukiwa uzi wa kioo. Udongo ukitikisika au ukivutika, uzi unahisi, na kipaza sauti kinawatangazia watu wakimbie kabla mlima haujaporomoka.

Jioni moja Nakiete hakuwa na punje ndani. Akaona aibu majirani wasiposikia mchi kwake, basi akatwanga kinu kitupu, tena kwa nguvu.

“Ardhi inatikisika! Tokeni!”

Kijiji kizima kikatoka mbio, watoto migongoni, Bibi Senkondo kabebwa juujuu na kiti chake. Mara kipaza sauti kikasema tena, “Hakuna hatari. Ni kinu cha Nakiete. Hakina kitu.”

“Shoga, leo unatukobolea upepo?” mmoja akamtania, watu wakacheka.

“Nyamazeni!” Bibi Senkondo akafoka. “Mpeni mwenzenu mahindi.”

Wakampa. Nakiete akapokea bila kuinua uso. Watoto wake wakala, wakalala. Yeye akajilaza kwa ubavu, akatamani kugeuka, akaogopa uzi usije ukalitangaza na hilo. Akakaa vivyo hivyo, ubavu ukimuuma, mpaka usingizi ukamchukua.