Mkwe Juu ya Kifua cha Mkwe

Refa alimwonyesha kadi ya njano mtu ambaye moyo wake ulikuwa umesimama.

Hakuna aliyemlaumu refa. Kipa huyo alikuwa bingwa wa kujiangusha. Upepo ukimpitia, yuko chini, mradi dakika ziende. Safari hii penalti ilimkuta kifuani, akayumba kidogo, akaanguka kifudifudi. Watu wakacheka. Mtani mmoja akaomba aletewe mto.

Muuguzi peke yake hakucheka. Alifika wa kwanza, mguu mmoja una kiatu, mwingine pekupeku. Akamgeuza, akatega sikio: pumzi hakuna. Alijua kuwa pigo la kifua likiangukia kati ya mdundo na mdundo, moyo hushtuka, ukasahau kazi yake.

Akaagiza ile mashine ya kushtua moyo iliyotundikwa ofisini mwa shule yenye uwanja huo, kisha akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote.

Hapo vicheko vikazidi. Ilikuwa mechi ya kirafiki ya familia mbili, na kila mtu alijua wakwe hao hawapikiki chungu kimoja tangu siku ya posa.

"Leo mkwe kampata mkwe," sauti ikasema. "Mwacheni amalize hasira."

Binti aliyewafanya wawe wakwe alisimama kando ya mstari, mikono kichwani. Muuguzi alimwona kwa pembe ya jicho. Kipa akifa, huyo hatamtazama tena usoni maisha yake yote.

Mashine ikaja. Vidole vikasita kwenye jezi: mkwe ni mkwe, havuliwi hadharani. Lakini kifo hakina haya. Akaamuru watu wote wageuke, akafumba jicho moja, akachana.

Mashine ikasema mgonjwa asiguswe. Kipa akaruka kama samaki, akatulia. Muuguzi akarudia kukandamiza, jasho likimchuruzika, akinong'ona kwamba hata akisemwa kila siku mpaka uzeeni yuko radhi, mradi mkwe apumue.

Mkwe akapumua.

Wakamfunika kwa koti la refa. Vicheko vilikuwa vimekwisha, wengine walilia. Macho ya kipa yakafunguka, yakazunguka, makali vilevile.

"Mpumbavu gani aliyepiga ule mpira?"

Muuguzi akaficha mguu wake wa pekupeku.

"Ni mimi, mama mkwe."