Aliyeachiwa Mshipa

Alifungua vifungo vya chini vya blauzi yake mbele ya ukumbi mzima, akainua kitambaa mpaka chini ya matiti. Kovu lilianzia kwenye mfupa wa kifua likateremka hadi kitovuni, pana, lenye mikunjo. Wageni wa mstari wa mbele wakainamisha macho. Mshereheshaji, aliyekuwa ametoka kumwita "muujiza wetu", alibaki ameduwaa, asijue kama amnyang'anye kipaza sauti au amwache.

Walimwalika aje kushukuru. Hospitali ilikuwa inafungua wodi mpya ya watoto, na wodi hiyo ilikuwa ipewe jina la daktari mpasuaji mstaafu aliyekuwa jukwaani, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi miguuni. Yeye, msusi mwenye saluni yake na wateja wake, ndiye aliyekuwa ushahidi wa umahiri wa mzee huyo. Akiwa mchanga, kabla hata hajaanza kutambaa, daktari alimtenganisha na pacha wake.

Walizaliwa wameungana kifua na tumbo, wakitazamana. Mioyo ilikuwa miwili, ini moja. Wauguzi waliwaita Kulia na Kushoto, kwa upande ambao kila mmoja alilalia, na majina yakaganda. Tatizo lilikuwa damu. Ilirudi kwenye mioyo yote miwili kwa mshipa mmoja mkubwa, na mshipa huo haukugawanyika. Atakayeachiwa ndiye angeishi. Kulia hakuachiwa.

Hayo yote Kushoto aliyajua kwa mama yake. Mama, fundi cherehani, alimlea peke yake, na tangu binti akiwa mdogo alimweleza: daktari yule hakumwuliza mtu. Aliingia chumba cha upasuaji akajifanya Mungu. Kisha mama angesimulia habari za Kulia, jinsi alivyowahi kucheka, alivyomkamata mama kidole asikiachie, alivyokuwa na macho ya kujua mambo. Kushoto akiuliza yeye alikuwaje, mama alisema alikuwa mtoto wa kulialia tu, halafu akarudi kwa Kulia. Binti akakua na kinyongo kama watoto wengine wanavyokua na sala.

Alipopata akili alisoma kila alichokipata kuhusu watu wa namna yao. Alisoma habari za wale wa zamani waliozungushwa mji kwa mji, wakaonyeshwa ndani ya mahema kwa kiingilio. Alisoma habari za wale waliozeeka wakiwa wameungana, mmoja akatangulia na mwenzake akamfuata kabla siku haijaisha. Hao aliwaonea wivu. Angalau hakuna aliyesimama katikati yao na kisu akachagua.

Mwaliko ulipokuja, alitaka kuukataa. Mama ndiye aliyesema aende. Akamshonea blauzi mpya, ya vifungo mbele.

"Usipige kelele," alimwambia, akimnyooshea ukosi. "Muulize tu, watu wasikie."

Basi akauliza.

"Daktari, tulikuwa wawili pale mezani. Nani alikupa ruhusa ya kuchagua?"

Mzee hakumtazama yeye. Alimtazama mama, aliyeketi pembeni, mkoba mapajani. Waliangaliana mpaka watu wakaanza kugeuza shingo. Mkurugenzi wa hospitali alimwinamia mzee akamnong'oneza kitu, pengine kwamba halazimiki kujibu. Mzee akamsogeza kwa mkono.

"Hakuna aliyenipa," alisema. "Niliamua mwenyewe."

"Mama yetu alikuwa nje ya mlango."

"Najua alikuwa wapi."

"Na huna la kuongeza?"

Hapo ndipo mzee alipomgeukia. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, taratibu, kama mtu anayeangalia nyumba aliyoijenga zamani.

"Sina," alisema.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko alivyotarajia. Kitambaa kilichofunika kibao cha jina hakikuvutwa. Mgeni rasmi alikumbuka ghafla kwamba ana kikao kingine. Binti wa daktari alikisukuma kile kiti cha magurudumu kuelekea mlangoni, akipita katikati ya watu waliokuwa wamegombea kumpa mzee mkono asubuhi ile ile; sasa kila mmoja alikuwa na simu ya kuangalia. Jioni redio ikatangaza kwamba wodi itapewa jina jingine, na kwamba hospitali inasikitika.

Kushoto alisikiliza habari hizo akiwa jikoni kwa mama. Alikuwa ameingoja siku hii maisha yake yote, na ilipofika ilikuwa tamu kama alivyodhani, tena zaidi. Mzee yule angekufa akiwa hana heshima hata ya kuzikwa nayo. Mama alikuwa amevua viatu, anaandaa chai, anaimba kwa sauti ya chini. Kushoto hakukumbuka kumsikia mama yake akiimba.

"Nimemlipizia Kulia," alisema.

"Umemlipizia, mwanangu. Sasa atalala."

Wakanywa chai. Redio ilihamia kwenye habari za michezo, mama akaizima. Kushoto akashusha pumzi, akasema kwamba kilichomuuma zaidi si kifo chenyewe. Ni ile dharau. Mtu ana mama pale nje, amekaa kwenye benchi, na hapati hata neno moja.

"Angekuuliza tu, mama. Nadhani nisingemchukia hivi."

Mama alikoroga chai yake. Uso wake ulikuwa umelainika, umetulia kabisa, uso wa mtu aliyetua mzigo na hana tena sababu ya kuchunga mdomo.

"Aliniuliza," alisema. "Nilimwambia mshipa aachiwe Kulia. Akatoka mle ndani amekubeba wewe."